Milkisheki ya nanaa kwa wageni wa sikukuu: yangu inakuwa chungu na kugeuka rangi

Muuza Juisi wa Paje

Assalamu alaykum na habari zenu nyote. Nina banda dogo la vinywaji baridi hapa Paje, hatua chache kutoka ufukweni, na mwaka mzima biashara yangu ni embe, pesheni, tikiti na juisi ya muwa, vitu ambavyo mkono wangu unavijua bila kuuliza mtu. Tangu wageni wa mwisho wa mwaka waanze kuingia, hata hivyo, nimekuwa nikiulizwa kinywaji ambacho sikuwahi kukitengeneza maishani: milkisheki yenye ladha ya mnanaa, nzito kiasi cha kuliwa kwa kijiko, ama nyeupe ama ya kijani kilichofifia, iliyonyunyiziwa juu vipande vya zile pipi zenye mistari myekundu na myeupe. Wengi wao wanasema kwamba kwao Krismasi haijakamilika mpaka ladha hiyo ipite mdomoni.

Bibi mmoja kutoka Uswidi alinionyesha picha kwenye simu yake, akanieleza kwa fahari kwamba pipi hizo za mistari huko kwao huitwa polkagris, na kwamba zilianza kutengenezwa mwaka 1859 katika mji mdogo wa Gränna na mwanamke aliyeitwa Amalia Eriksson. Nilimuuliza inakuwaje mtu anywe kitu cha barafu wakati nje theluji inaanguka, akacheka na kunijibu kwamba nyumba zao wakati huo huwa na joto kuliko banda langu. Sikumwamini sana, lakini oda yake niliipokea.

Sasa tatizo langu. Mara ya kwanza nilichukua kicha kizima cha nanaa nilichokinunua Darajani, nikakitia kwenye blenda pamoja na maziwa baridi, sukari na barafu, nikasaga kwa muda wa dakika tatu hivi. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchicha, uchungu wake ulibaki kooni mpaka alasiri, na nyuzi za majani zilijazana menoni. Mara ya pili nilipunguza majani nikaongeza ndimu, kwa kuwa nanaa na ndimu kwenye juisi hupatana vizuri. Maziwa yakakatika mbele ya macho yangu, yakawa mapande juu na maji chini. Mara ya tatu nilinunua kichupa kilichoandikwa kuwa ni mafuta ya mnanaa, nikatia matone matano ndani ya gilasi moja, na mume wangu alipoonja alisema anahisi amechuliwa kifua kwa ndani.

Juu ya hayo yote, hata ile iliyokuwa na afadhali ilikuwa imeshayeyuka kabla sijaifikisha kwenye meza za mchangani. Mapishi niliyoyaona mtandaoni nayo yananipa mashaka, kwa sababu baadhi yanataka kilevi cha kijani cha mnanaa, kitu ambacho sitakiingiza katika banda langu. Nina blenda ya kawaida na friza ya kifuniko, sina mashine ya aiskrimu. Tarehe 20 Disemba nina kundi la watu kumi na wawili walioweka oda. Naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Bi Vikombe, Kiembe Samaki

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli kwa miaka 22 kabla magoti hayajanikataza kusimama, na kila Disemba kinywaji hicho kilikuwa kwenye orodha, kwa hiyo makosa yako matatu nayajua vizuri kwa sababu mwenyewe nimeyafanya yote, na moja nimelifanya zaidi ya mara moja.

Uchungu na ile rangi mbaya vinatoka mahali pamoja. Unaposaga majani mabichi, kisu cha blenda kinayapasua na kuyaachia yatoke kila kilichomo ndani yake, pamoja na ule utomvu wa kijani wenye ladha ya nyasi, na yakishakutana na hewa yanaanza kuwa meusi vilevile kama bilingani lililokatwa na kuachwa mezani. Nanaa ya kinywaji cha maziwa hurowekwa ndani ya maziwa ya moto, kisha majani hutupwa, na kinachobaki ni harufu tu. Chukua lita moja ya maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji, uyachemshe kwanza kama unavyochemsha ya chai, uyaache yapoe kidogo. Halafu uyarudishe jikoni kwa moto mdogo mpaka yaanze kutoa mvuke na kuonyesha vitone vya povu pembeni mwa sufuria, uzime moto. Hapo ndipo utie majani ya vicha viwili, majani matupu bila vijiti, ukiwa umeyafinya viganjani mara mbili tatu tu, kama mtu anayefinya kilua ili kitoe harufu. Funika sufuria kwa kifuniko kinachobana, kwa sababu ile harufu unayoisikia jikoni ukiacha wazi ndiyo iliyotakiwa ibaki ndani ya maziwa. Baada ya dakika 20 onja. Ukiona bado ni hafifu uache tano zaidi, lakini usiyasahau ukaenda kuswali adhuhuri na kupitia kwa jirani, maana yakikaa saa nzima uchungu utarudi kwa mlango wa nyuma. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, na usikamue kwa nguvu.

Maziwa yakiwa bado vuguvugu, tia sukari mpaka uone yamezidi utamu kidogo, pamoja na chembe za chumvi. Usiogope huo utamu uliozidi, kwa sababu ulimi ukipoa hauusikii utamu kama unavyousikia kwenye kitu cha moto, na milkisheki iliyo sawa ikiwa vuguvugu itakuwa chapwa ikishaganda. Ikiwa unapenda vanila, na mimi napenda, usihangaike na arki za dukani ambazo nyingi zimeyeyushwa katika pombe. Nenda kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani ukanunue ganda moja la vanila, ulipasue kwa urefu, ukwangue zile mbegu nyeusi ndani ya maziwa na ganda lenyewe uliroweke pamoja na nanaa.

Kuhusu rangi, ushauri wangu ni kuiacha nyeupe, kwa sababu vipande vyekundu juu ya weupe vinapendeza kuliko kijani chochote. Lakini wageni wakishikilia kijani, chukua majani kama ishirini, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 15 tu, kisha yatoe na kuyatia mara moja katika maji yenye barafu. Moto huo mfupi unaua kile kinachoyafanya yawe meusi, na barafu inazuia yasiive. Yakamue, yasage na vijiko viwili vya sukari na maziwa kidogo, uchuje, na hicho ulichokipata ndicho utakachopakia rangi. Kitakuwa kijani cha jani, si kile cha chupa kinachong'aa kama taa ya msikiti.

Ndimu usiirudie. Maziwa yakikutana na ukali hukatika, hakuna ujanja. Ukiitaka harufu yake, kwangua ganda la nje peke yake, ile sehemu ya kijani, uiroweke pamoja na majani.

Mwalimu wa Mkunazini

Bi Vikombe amelimaliza la majani, kwa hiyo mimi nitalisema la kichupa, kwa kuwa nimefundisha kemia ya sekondari kwa muda na suala hili huwa nalitumia darasani.

Nanaa tunayoipanda nyuma ya nyumba na kuitia kwenye chai, mara nyingi, ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Mentha spicata, na harufu yake kubwa inatokana na kemikali iitwayo karvoni, ambayo inanukia vizuri lakini haileti ule ubaridi wa kupuliza. Peremende inatoka kwa ndugu yake, Mentha × piperita, ambaye ni chotara wa nanaa hiyo ya kawaida na nanaa ya majini, na mafuta yake yana mentoli kwa wingi. Ndiyo maana mgeni wako anaweza kuonja milkisheki iliyorowekwa nanaa ya Darajani kwa usahihi kabisa na bado akasema kuna kitu kimepungua: anatafuta mentoli, na wewe umempa karvoni.

Mentoli yenyewe haipozi kitu chochote. Ukiipima kwa kipimajoto hutaona tofauti. Kinachofanyika ni kwamba inaamsha kwenye neva za mdomo kipokezi kilekile kinachoamshwa na baridi, na ubongo unasoma kwamba mdomo umepoa. Kipokezi hicho, kiitwacho TRPM8, kilibainishwa mwaka 2002 na watafiti wawili waliofanya kazi kila mmoja na maabara yake, wote wakitumia mentoli kama chambo, nao ni David Julius na Ardem Patapoutian, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Kwa hiyo mume wako, kwa kusema amechuliwa kwa ndani, alitoa ripoti sahihi ya kisayansi.

Kosa la matone matano ni la kipimo. Tone moja la mafuta halisi ya peremende linatosha lita nzima ya maziwa, na hata hilo moja lisitiwe moja kwa moja, kwa sababu mafuta hayachanganyiki na maji, yataelea na mtu mmoja atayapata yote katika funda moja. Lidondoshe juu ya vijiko viwili vya sukari, uisugue sukari hiyo kwa mgongo wa kijiko mpaka inukie sawasawa, ndipo uikoroge ndani ya maziwa vuguvugu yenye malai yake yote. Mentoli huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo maziwa yaliyoenguliwa malai yatakuangusha hapa.

Jambo moja nalisisitiza: soma lebo. Vichupa vingi vinavyouzwa madukani kwetu ni vya kuchulia na kuvuta puani, havikutengenezwa viliwe, na huenda chako ni mojawapo. Tafuta kilichoandikwa wazi kuwa ni cha chakula, na hata hicho, kinywaji chenye mentoli kali usimpe mtoto mchanga.

Kijana wa Malindi

Nawasalimu wakubwa zangu. Mimi nataka kuzungumzia uzito na kuyeyuka, kwa kuwa naona ndiko dada yetu wa Paje atakakoumia zaidi. Yeye anauza katika joto la kaskazi, mchangani, na mapishi yote ya mtandaoni yaliandikwa na watu ambao madirisha yao yana ukungu wa baridi.

Marehemu baba alikuwa akiuza barafu za maziwa kwa baiskeli, na nilichojifunza kwake ni kwamba barafu ya maji haina nafasi ndani ya kinywaji cha maziwa. Unapotia barafu ya maji unapata ubaridi kwa dakika tano za mwanzo, na baada ya hapo unakunywa maziwa yaliyochakachuliwa. Yale maziwa ya nanaa ya Bi Vikombe yagawe mafungu mawili. Fungu moja changanya na kopo moja la maziwa mazito ya sukari, umwage katika trei za barafu na kuyagandisha usiku kucha. Ukifanya hivi punguza sukari ya mwanzo, kwa kuwa kopo lina sukari ya kutosha. Fungu la pili liache kwenye friji liwe baridi sana lakini bila kuganda. Maziwa matupu yakiganda huwa jiwe lenye sindano za barafu, lakini yakiwa na sukari na mafuta mengi hubaki na ulaini ambao blenda ya kawaida inaumudu.

Siku ya kuuza, toa vipande vya kwenye trei uviache nje kwa dakika tatu, utie vinane katika blenda pamoja na robo kikombe ya yale maziwa ya friji, na kama una aiskrimu ya vanila ongeza miko miwili. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, usiiache blenda ikazunguka mfululizo, kwa sababu kisu chenyewe kinaleta joto na kadiri unavyosaga ndivyo unavyoyeyusha. Kiasi cha nusu dakika kinatosha. Ukiona kijiko kinasimama katikati bila kuegemea, mimina.

Gilasi nazo ziwekwe kwenye friza nusu saa kabla. Na ziwe ndogo. Baba alikuwa akisema mteja wa ufukweni anakunywa nusu ya kwanza kwa furaha na nusu ya pili kwa huruma, kwa hiyo muuzie nusu ya kwanza mara mbili.

Na umeme ukikatika usilie. Disemba ya mwaka 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi, na baba hakuacha kuuza. Alikuwa akinunua barafu pale Malindi kwa wenye jenereta, barafu ile wanayonunua wavuvi, anaiponda ndani ya ndoo kubwa, anachanganya mafungu matatu ya barafu kwa fungu moja la chumvi ya mawe, kisha anazamisha ndani yake ndoo ndogo ya bati yenye maziwa yaliyotiwa nanaa au iliki, anaizungusha kwa mkono huku akikwangua pembeni kwa mwiko. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke ikiwa baridi kuliko barafu yenyewe, inashuka mbali chini ya sifuri, na maziwa yanaganda yakiwa malaini kuliko ya friza. Mikono yangu ya miaka kumi ilikuwa ikichomeka kwa baridi, nami nikaamini tangu hapo kwamba baridi na moto ni ndugu. Malai yale yalikuwa mazito kuliko milkisheki yoyote niliyoinywa baadaye. Ukiyalegeza na maziwa baridi kidogo, huhitaji blenda kabisa.

Muuza Juisi wa Paje

Ahsanteni sana, Bi Vikombe, Mwalimu na wewe mdogo wangu wa Malindi. Kichupa nimekisoma, na kweli kwa maandishi madogo ya nyuma kimeandikwa kuwa ni cha kupaka tu. Nimekiweka kabatini kwa ajili ya mafua.

Yamebaki mawili. Pipi za mistari nimezipata mjini katika duka linaloagiza vitu vya sikukuu, lakini siku ya pili tu baada ya kufungua mfuko zimekuwa zinanata, zimeshikana bonge moja, na nilipojaribu kuziponda ziliganda kwenye kinu. Pia katika lile kundi la tarehe 20 kuna wawili ambao hawatumii maziwa ya ng'ombe kabisa. Niwatengenezee nini?

Mpemba wa Wete

Ndugu zangu wa Unguja mmezungumza vyema, ingawa nimeshangaa kuona mazungumzo marefu namna hii kuhusu kinywaji kizito yasiyotaja nazi hata mara moja.

Kwa wale wawili wasiotumia maziwa, tui linafanya kazi ile ile, tena lina mafuta ya kutosha kushika harufu ya nanaa. Chukua nazi mbili pevu uzikune. Kamua tui la kwanza, lile zito, uliweke pembeni, halafu kamua tui la pili. Nanaa uiroweke ndani ya tui la pili likiwa la moto, na usiache lichemke kwa nguvu, ukikoroga kuelekea upande mmoja, kwa sababu tui likichemshwa bila kukorogwa linakatika na mafuta yanajitenga. Likipoa, changanya na lile zito, tia sukari, gandisha kwenye trei kama alivyoeleza kijana wa Malindi. Tofauti utakayoiona ni kwamba tui likikaa kwenye friji linashikana juu kama samli, kwa hiyo lile fungu lisilogandishwa likoroge vizuri kabla ya kulitia katika blenda. Ladha ya nazi haitafichika, wala usijaribu kuificha. Blenda ioshwe vizuri kabla ya kusaga yao, ikiwa imetumika kwa maziwa ya ng'ombe, maana huenda mtu anakwepa maziwa kwa sababu yanamdhuru.

Pipi zinanata kwa sababu ni sukari tupu, na sukari ya namna hiyo inavuta unyevu wa hewani, nasi kisiwani hatuna upungufu wa unyevu. Mfuko ukishafunguliwa, zihamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, chini yake uweke mchele mkavu uliokaangwa kidogo na kupoa, umefungwa katika kitambaa. Siku ya kuzitumia zitie kwenye friza kwa dakika kumi, kisha zifunge katika kitambaa kikavu, uzigonge kwa mchi juu ya ubao, hatua ya mwisho kabisa, wakati milkisheki imeshamiminwa. Usizipondee kwenye kinu. Mara moja nilipondea vipande vya peremende kwenye kinu cha mke wangu, ambacho asubuhi yake kilikuwa kimepondewa thomu, na watoto wangu mpaka leo wakiona pipi nyekundu wananiuliza kama ina bizari.

Usizitie pia ndani ya blenda kama unavyoweza kuona katika baadhi ya picha. Rangi nyekundu inayeyuka, na kinywaji cheupe kinakuwa cha waridi hafifu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Mimi kwangu ningekwangulia kungumanga kidogo juu yake, au ningerowekea punje mbili za iliki.

Bi Vikombe, Kiembe Samaki

Kungumanga kiasi cha ncha ya kisu nakubali. Iliki, Mpemba wangu, hapana. Iliki na nanaa kila moja inataka kuwa bibi harusi, na ukiziweka pamoja ndani ya maziwa mnywaji anabaki haelewi yuko kwenye harusi ya nani. Kitu kinachopatana na nanaa ni kakao: kijiko kimoja cha chai kwa gilasi, kilichokorogwa kwanza katika maziwa ya moto kidogo ili kisibaki vumbi.

Na wewe wa Paje, nanaa usinunue mjini kila siku, inafika kwako imeshanyauka. Nunua vicha viwili vyenye vijiti vigumu, uviweke kwenye gilasi ya maji mpaka vitoe mizizi, uvipande kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mahali penye kivuli cha mchana. Jua la kaskazi linaikausha nanaa kwa siku mbili ukiiacha wazi, lakini ikipata kivuli na maji ya jioni inakua mpaka utaigawa kwa majirani.

Mpemba wa Wete

Bi Vikombe, la iliki tutalimaliza siku ukifika Wete.

Muuza Juisi wa Paje

Nimerudi kutoa taarifa, na mnisamehe kwa kuchelewa, maana wiki hii sikupata hata muda wa kukaa.

Nilitengeneza maziwa ya nanaa siku mbili kabla ili nipate nafasi ya kukosea. Mara ya kwanza niliyaroweka dakika 20, yakawa na harufu nzuri lakini hafifu, nikaongeza tano kama nilivyoelekezwa, yakakaa sawa. Mafuta ya peremende ya chakula niliyapata baada ya kuzunguka maduka manne, nikatia tone moja juu ya sukari kwa lita nzima, na hapo ndipo nilipoelewa Mwalimu alikuwa akizungumzia nini: bila lile tone ilikuwa maziwa yenye harufu ya chai ya nanaa, baada ya lile tone, nilipovuta pumzi baada ya funda, hewa yenyewe iliingia baridi.

Trei za maziwa ziliganda vizuri, na blenda yangu ilizimudu ingawa ililalamika mwanzoni. Nilimimina kwenye gilasi ndogo zilizotoka friza, zikiwa zimevaa ukungu mweupe kwa nje, na mwanangu alizikimbiza mezani mbili mbili huku mimi nikigonga pipi kwenye kitambaa. Ilikuwa saa kumi jioni na joto halijashuka, lakini gilasi ya kwanza mpaka ya kumi na mbili zote zilifika zikiwa nzito. Wale wawili wa tui walimaliza za kwao wakaomba nyingine, na wenzao watatu waliokuwa wamekunywa za maziwa wakataka nao za tui, jambo ambalo Mpemba wa Wete bila shaka atalifurahia.

Yule bibi wa Uswidi alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema ladha ni yenyewe, ila kwao haiachi mdomoni harufu ya bustani namna ile, na kwamba ya kwangu anaipenda zaidi, ingawa aliniomba nisimwambie dada yake aliyekaa pembeni. Nadhani harufu hiyo ya bustani ni ile karvoni.

Kilichoharibika ni rangi. Nilijaribu majani ya sekunde 15 kwa gilasi nne, na nilipoyatoa majini nikaitwa na mteja wa juisi kabla sijayatia kwenye barafu. Niliporudi yalikuwa rangi ya zeituni za kopo. Gilasi zote zikatoka nyeupe, na hakuna aliyelalamika.

Oda za tarehe 24 na 25 zimeshafika ishirini na saba. Leo asubuhi muuza mboga wetu ameniuliza kwa nini nanunua vicha sita vya nanaa kwa siku moja, nami nimemwambia nina wageni wenye mafua, kwa sababu nikimweleza kazi yake ya kweli kesho atapandisha bei.